Mwenye Baiskeli Naye Asimame

Mwendesha baiskeli akifika kwenye mataa akakuta nyekundu, asimame. Asimame kabisa, nyuma ya mstari mweupe, mguu mmoja chini, asubiri kijani. Naanza na jibu kwa sababu swali hili hujadiliwa sana kwa mafundi baiskeli, na mara nyingi wanaokaa pale hukubaliana kinyume: taa ni za magari, baiskeli inapita tu. Vijana wetu wa Nyamwaga wanaondoka na jibu hilo. Wanakwenda Mwanza au Dar es Salaam kutafuta maisha, wanapata baiskeli ya kusambazia mikate au maziwa, na wakifika kwenye makutano ya njia nne wanapita kama walivyozoea kupita njia ya kisimani.

Msomaji aliyeko hapa Nyamwaga anaweza kuniuliza taa yenyewe iko wapi. Kweli, hatuna. Tuna makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, tuna hospitali ya wilaya, tuna malori yanayokwenda na kutoka Nyamongo kwenye mgodi wa North Mara, na bodaboda usiseme. Nguzo yenye taa tatu bado. Lakini taa nyekundu ni amri ya kusimama iliyowekwa kwenye nguzo, na amri hiyo hata huku tunapewa kila siku kwa njia nyingine: bendera nyekundu ya kijana wa mkandarasi, mkono wa trafiki, mistari ya zebra karibu na shule, na pale njia ya kutoka majumbani inapokutana na barabara kubwa. Mura, yaani kijana wetu, aliyezoea kusimama sehemu hizo hatapata shida kwenye mataa ya mjini. Asiyezoea ataanzia kujifunza kwenye makutano yenye mabasi, na hapo ni pabaya pa kuanzia.

Kwanza hilo la kwamba taa ni za magari. Taa ya kwanza ya kuongoza barabara iliwekwa London mwezi Desemba 1868, nje ya Bunge la Uingereza. Aliyeibuni, John Peake Knight, alikuwa mhandisi wa reli, na alichukua utaratibu wa treni akauleta barabarani: mchana mikono inainuka na kushuka, usiku taa ya gesi inaonyesha nyekundu au kijani. Motokaa za petroli zilikuwa bado hazijaundwa. Waliosimamishwa walikuwa wenye farasi na magari ya kukokotwa, ili watu waweze kuvuka kwa miguu. Chombo chenyewe hakikudumu, maana Januari 1869 gesi ililipuka ikamjeruhi polisi aliyekuwa akikiendesha, na ilipita miaka mingi kabla ya taa za umeme kusimikwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Kazi ya taa lakini ni ileile tangu ile ya London: kugawa zamu kati ya watu wanaotaka kupita mahali pamoja. Zamu haiulizi kama una injini.

Sheria nayo inakwenda hivyohivyo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ndiyo Sura ya 168 ya sheria za nchi, haikuiacha baiskeli nje. Baiskeli ni chombo cha barabarani, na anayeiendesha anafungwa na alama na ishara kama mwenye gari. Mkataba wa kimataifa wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakwenda mbali zaidi: ukieleza dereva ni nani, unamtaja anayeendesha gari, anayeendesha baiskeli, na hata anayeswaga mifugo barabarani. Kwa hiyo mzee anayevusha ng'ombe wake asubuhi, kwa macho ya mkataba huo, ni dereva, na mwenye baiskeli anayejiona kuwa si dereva hana pa kujificha.

Wanaopinga wana hoja, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni mzigo. Kusimamisha gari na kuliondoa tena ni kukanyaga pedeli mbili. Kusimamisha baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi kwenye keria halafu kuiondoa tena, tena mahali penye mwinuko, ni kazi ya miguu na mgongo. Ya pili ni kwamba mwenye baiskeli anaona na kusikia vizuri kuliko dereva aliyefunga vioo, hivyo anaweza kupima mwenyewe kama njia ni nyeupe. Zipo nchi zilizozisikiliza hoja hizo. Jimbo la Idaho, Marekani, tangu mwaka 1982 linamruhusu mwendesha baiskeli akikuta kibao cha SIMAMA apunguze mwendo, awapishe wenye haki, kisha apite bila kusimama kabisa. Kwenye taa nyekundu sheria ya huko inamtaka asimame kwanza, na akiona hakuna anayekuja ndipo avuke. Jimbo la Delaware lilifuata mwaka 2017 upande wa vibao. Paris ilianza mwaka 2012 kuweka vibao vidogo vya pembetatu chini ya taa, vinavyowaruhusu wenye baiskeli kukata kona wakati taa ni nyekundu, mradi wawapishe waenda kwa miguu. Na mji wa Copenhagen ulipanga taa za barabara ya Nørrebrogade ili anayekwenda kwa baiskeli mwendo wa kilomita 20 kwa saa akute kijani taa baada ya taa.

Napenda ulichofanya mji wa Copenhagen kuliko yote, kwa sababu haukumwondolea mtu wajibu wa kusimama. Ulimpunguzia sababu za kusimamishwa. Hata hizo ruhusa za Idaho na Paris zimeandikwa, zimewekewa mipaka, na Paris kibao kinaonekana pale pale chini ya taa, kila mmoja akijua kwamba mwenye baiskeli anaweza kutokea. Kwetu ruhusa hiyo haipo. Dereva wa Hiace aliyepewa kijani pale Mwanza ameambiwa na serikali kwamba upande wako umesimama, na anaondoa gari akiamini hivyo. Siku ambayo Tanzania itaweka kibao cha kuruhusu baiskeli kukata kushoto wakati wa nyekundu nitafurahi, na nitawaomba wote tukitumie. Mpaka hapo, kujipa ruhusa ya Idaho ukiwa Kanda ya Ziwa ni kumwekea dereva mtego asioujua, na wewe ndiye utakayenasa.

Hoja ya kupima mwenyewe nayo tuiweke kwenye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwenye makazi, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Baiskeli yenye mzigo inakwenda pengine kilomita 12 kwa saa. Makutano ya mjini yenye upana wa mita 20 utayavuka kwa sekunde 6. Ndani ya sekunde hizo gari limeshakula zaidi ya mita 80. Maana yake, gari uliloliona mbali, umbali wa karibu uwanja mzima wa mpira, ukasema "hili bado", linakukuta katikati. Na hapo tumechukulia kwamba dereva anafuata ukomo. Akiwa kwenye kilomita 80, mita alizokula ni zaidi ya 130. Ukiwa umeanza kutoka kusimama, pedeli nzito, tairi la mbele linayumba, ongeza sekunde. Jicho la mwanadamu hupima umbali vizuri, mwendo halipimi. Ndiyo sababu mtu anaweza kugongwa na gari alilokwisha kuliona.

Turudi Nyamwaga, maana nataka ushauri huu uanze kutumika leo.

Barabara ya kutoka Tarime kwenda Nyamongo hadi Mugumu imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande, na kila penye ujenzi wa barabara kuna kijana amesimama juani na bendera mbili, nyekundu na kijani. Huyo ndiye taa yetu. Magari yanamtii, pikipiki zinasitasita, baiskeli zinapita pembeni yake kama hayupo. Fikiria anachokizuia. Barabara imebaki upande mmoja, na mwenzake wa upande wa pili ameshayaachia magari yanayokuja. Ndani ya vumbi kuna greda linarudi nyuma, na mwendeshaji wake anatazama udongo. Ukipenya, unakutana uso kwa uso na tipa mahali ambapo hamna nafasi ya kupishana, kushoto kwako kifusi, kulia kwako tairi.

Basi simama kwa mshika bendera, msalimie, kisha umwambie jambo moja ambalo wengi hawalisemi: kwamba wewe ni wa taratibu. Ukiondoka wa kwanza, magari ya upande wako yatakufikia na kukusukuma kwa honi. Ukiondoka wa mwisho bila yeye kujua, mwenzake akiona gari la mwisho limetoka atadhani njia imekwisha na ataachia wa kwake wakati wewe bado uko katikati. Kwa hiyo omba upite wa mwisho, na omba amjulishe mwenzake kuwa kuna baiskeli inakuja. Kama hawana njia ya kupeana taarifa, shuka, kokota baiskeli kwa kufuata ukingo atakaokuonyesha. Utachelewa kidogo. Utafika.

Mkono wa trafiki una lugha yake na si ngumu. Akiinua mkono juu, kila mmoja asimame, isipokuwa aliyekwisha kuingia katikati, huyo amalize kupita. Akinyoosha mikono pembeni, walio mbele yake na walio nyuma ya mgongo wake wasimame, na wa pembeni ndio zamu yao. Na hata pale penye mataa, trafiki akisimama katikati, yeye ndiye mkubwa wa taa. Wanaofika Dar es Salaam wanashangaa kuona kijani na magari hayaendi. Trafiki amezuia upande mmoja ili kupunguza foleni ya upande mwingine. Usitazame taa peke yake ukaondoka. Tazama kwanza kama kuna mtu mwenye sare nyeupe.

Zebra ndiyo inayoniuma. Gari likisimama kumpisha mtoto wa shule, mwenye baiskeli hupita kushoto mwa gari hilo kwa sababu nafasi ipo na baiskeli ni nyembamba. Mtoto ameliangalia lori, ameona limesimama, dereva amempungia mkono, anakimbia. Masikio yake yanasikiliza injini. Baiskeli haina injini. Anatokea mbele ya bampa na wewe uko hapohapo, na hata ungekuwa na breki mpya kabisa hazingekusaidia kwa hatua mbili. Gari likisimama karibu na zebra, chukulia kuna mtu anavuka hata kama humwoni, nawe usimame nyuma yake mpaka liondoke. Kengele isichukue nafasi ya breki. Mtoto akishtuliwa na kengele hasimami, anaongeza mbio au anarudi alikotoka.

Kisha kuna njia zetu za kushuka kutoka majumbani kuja barabarani. Huku ni milimani, na njia nyingi zinashuka moja kwa moja hadi ukingo wa lami. Kijana ana madumu matatu ya maji, kila moja lita 20, hizo ni kilo 60 nyuma yake kabla hujahesabu baiskeli na yeye mwenyewe. Mteremko ukimchukua, hasimami kwa kuamua. Anasimama kama breki zitataka. Mtu wa namna hiyo ashuke juu ya mteremko, ashike usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono mwingine, akokote hadi barabarani, atazame kulia, kushoto, kulia tena, ndipo apande. Barabara ya vumbi ilitusamehe kwa muda mrefu kwa sababu magari yalikuwa yanakwenda taratibu kwa ajili ya mashimo. Lami haina huruma hiyo. Ile Probox iliyokuwa ikiyumba kukwepa makorongo sasa inakuja imenyooka.

Mifugo ikivuka, simama mapema na usipige kengele. Subiri mchungaji wa nyuma apite, siyo ng'ombe wa mwisho unayemwona, kwa sababu ndama aliyebaki upande wa pili atamfuata mama yake bila kukuomba njia. Na king'ora cha gari la wagonjwa linalokimbilia hospitali kikisikika, hata kama njia ni yako, toka pembeni kabisa ya barabara.

Sasa ninalolipa uzito kuliko yote: ukishaamua kusimama, unasimama wapi? Huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na dereva wa lori anakaa kulia. Ubavu wake wa kushoto, hasa kuanzia mlango wa abiria kwenda nyuma, haoni chini. Anakaa juu sana. Kioo cha pembeni kinamwonyesha tela na barabara ya nyuma, lakini mtu aliye karibu na tairi la mbele kushoto hayumo kwenye kioo na hayumo dirishani. Mwenye baiskeli akikuta lori limesimama, desturi yake ni kupenya taratibu upande huohuo wa kushoto hadi mbele, akasimama sambamba na mlango wa utingo. Taa ikiwa kijani lori linakata kushoto. Kichwa kinakwenda mbele kwanza kisha kinakunja, na tela linakata kona kwa ndani, linakaribia ukingo kuliko kichwa kilivyopita. Nafasi uliyokuwa umesimama inafungwa. Huna pa kukimbilia, kwa sababu nyuma yako ni matairi na kushoto ni ukingo.

Vifo vya namna hiyo vilikuwa vingi London kiasi kwamba tangu Machi 2021 malori ya zaidi ya tani 12 hayaruhusiwi kuingia jiji hilo bila kibali kinachopima dereva anaona kiasi gani nje ya kabini yake. Asiyeona vya kutosha alitakiwa kuongeza vioo, kamera na vyombo vya kutoa tahadhari. Sisi malori yetu mengi hayana hivyo vyote. Kinga yetu ni mahali pa kusimama.

Sheria niliyojiwekea na ninayowasihi wengine waishike ni hii: lori, basi au tipa likiwa limesimama mbele yangu, nabaki nyuma yake, katikati, ambapo gari la nyuma yangu linaniona. Sipenyi. Hata kama indiketa haijawashwa, maana wapo madereva wanaowasha wakiwa wameshaanza kukata. Nikifika kwanza mimi na lori likanikuta, basi nasimama mbele vya kutosha, karibu na mstari, mahali ambapo nikigeuza kichwa namwona dereva usoni. Usipoona uso wake, yeye haoni wako. Kutazamana huko, na kumwinulia mkono, ni kinga kubwa, na kofia ngumu nayo ukiipata ivae.

Wapo wanaosema kwamba kwa sababu ya hatari hiyo ni afadhali kuondoka kabla ya kijani, uwahi mbele ya lori. Naelewa hofu yao. Lakini wanakimbia gari lililosimama na kuingia mbele ya magari yanayokimbia. Ukiona umebanwa ubavuni mwa lori na huna amani, usisubiri taa ikuokoe: shuka, panda na baiskeli yako kwenye njia ya waenda kwa miguu, uliache liende zake.

Kukata kulia kwenye makutano makubwa ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kunamtaka mwenye baiskeli avuke njia za magari yanayotoka nyuma kwa kasi ili akae katikati ya barabara. Usifanye hivyo mpaka uwe mzoefu. Ipo njia nyepesi. Endelea moja kwa moja wakati wa kijani chako ukiwa kushoto, vuka hadi upande wa pili, simama pale kwenye kona, igeuze baiskeli itazame unakotaka kwenda, kisha subiri kijani cha barabara hiyo. Umetumia zamu mbili badala ya moja. Au shuka, uwe mwenda kwa miguu, uvuke kwenye zebra ukiikokota. Ukishashuka, unafuata zamu ya wanaotembea, na hilo ni halali yako kabisa, tofauti na kupita zebra ukiwa umekaa kwenye kiti huku ukipiga pedeli.

Taa ikiwa imezimika, kwa umeme kukatika au ubovu, makutano yanakuwa ya mwenye nguvu. Usishindane. Shuka, ungana na waenda kwa miguu, vukeni kwa kundi.

Usiku kuna jambo moja la kiufundi. Wengi wetu bado tunatumia taa ya dinamo, ile inayosugua tairi. Dinamo inatoa umeme tairi likizunguka, ukisimama, inazimika. Yaani sekunde ileile unayotii amri ya kusimama ndiyo unapotoweka gizani, na gari linakuja nyuma yako. Hili lisiwe sababu ya kutosimama. Liwe sababu ya kununua kiakisi chekundu cha nyuma na kukifunga chini ya keria mahali ambapo gunia halikifuniki, na ukiweza taa ndogo ya betri. Kipande cha mkanda unaong'aa kwenye fremu na kwenye madumu kinafaa pia. Nimeona watu wakifunga kiakisi vizuri halafu wakakifunika na kuni.

Breki sitazisemea mengi, fundi wako anajua. Ila kabla ya safari kamata breki ya mbele usukume baiskeli mbele: ikibiringika, huna breki ya mbele. Rudia kwa nyuma. Raba zikiisha hadi chuma kinakwaruza rimu, badilisha siku hiyohiyo. Raba ni rahisi kuliko rimu. Na mvua ikinyesha, rimu iliyolowa haikamatiki mara moja, kwa hiyo anza kubana kidogokidogo mapema ili raba ziifute maji kabla hujafika pa kusimama.

Wanaoendesha kwa kundi wana wajibu wa ziada. Kila mwaka msafara wa baiskeli wa Twende Butiama unatoka Dar es Salaam hadi hapa mkoani Mara kumkumbuka Mwalimu Nyerere, na vijana wa vijijini wanatoka kuutazama. Katika kundi lolote, liwe la michezo au la wabeba mkaa watano wanaokwenda mnadani, wa mbele akipita kwenye kijani na taa ikabadilika katikati ya kundi, walio nyuma wasimame. Wa mbele wasubiri ng'ambo. Mkia wa kundi ndio unaoumia, kwa sababu unafuata migongo ya wenzake na hautazami taa.

Yote haya namwambia mwenye baiskeli kwa sababu ndiye mwenye mwili usio na bati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Hesabu hiyo haiwezi kupunguzwa na nidhamu ya mwenye baiskeli peke yake. Barabara ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ilijengwa ikiwa na njia za baiskeli pembeni, na bodaboda na bajaji zikajimilikisha. Chama cha waendesha baiskeli cha jijini humo, UWABA, kimekuwa kikidai njia salama kwa miaka. Sisi nasi tudai. Mikutano ya kijiji na ya kata ipo, diwani yupo, TANROADS na TARURA wana ofisi. Barabara kubwa inapopita karibu na shule, soko na hospitali, tuombe bega pana la lami la kupitia baiskeli, zebra zilizopakwa rangi mara kwa mara, na matuta kabla ya zebra badala ya baada yake. Na siku mataa yatakapofika Nyamwaga, tuombe mstari wa mbele wa baiskeli, mita chache mbele ya ule wa magari, ili lori lianze likiwa linatuona. Mwenye kusimama anayo nguvu ya kudai. Anayepita nyekundu ataulizwa kwanza habari ya nyekundu.

Nimalizie na kinachowafanya watu wengi wasisimame hata wakiwa wanajua haya yote, nacho ni honi ya nyuma. Umesimama vizuri kwenye mstari, bodaboda anakuja, anakupigia honi, abiria wake anakucheka, utingo wa Hiace anakwambia "wewe wa baiskeli, sogea". Aibu inakupanda, unakanyaga pedeli. Usikanyage. Kaza breki zote mbili, mguu wa kushoto ubaki chini, usigeuke kujibizana. Kama anataka kupita, na nafasi ipo, inua gurudumu la mbele ulisogeze kushoto kiasi cha hatua moja, umwache aende mwenyewe kwenye nyekundu yake. Pedeli ya kulia iweke juu, mbele kidogo, tayari kwa kijani. Kikiwaka, usiondoke papo hapo. Tazama kulia kwanza, kwa sababu daima kuna mmoja wa upande ule aliyeamua kuiwahi taa, kisha ndipo ukanyage.